Jalada la Thessaloniki

Usiku wa tarehe 22 Mei 1963, mbunge wa Ugiriki Grigoris Lambrakis alitoka kwenye mkutano wa amani katikati ya mji wa Thessaloniki, barabara ikiwa imejaa askari. Alikuwa akielekea hotelini wakati pikipiki ya magurudumu matatu, mfano wa guta la kubebea mizigo, ilipomjia kwa kasi, na mtu aliyekuwa nyuma akampiga rungu la kichwa. Alikaa siku tano bila fahamu, akafariki tarehe 27 katika hospitali ya AHEPA. Polisi walitangaza kwamba ni ajali ya barabarani. Miaka sita baadaye tukio hilo likawa filamu, Z, iliyoongozwa na Costa-Gavras, na filamu nyingi za njama za kisiasa zilizotengenezwa baadaye Ulaya na Marekani zilipita kwenye njia iliyofunguliwa na hiyo. Wengi huikumbuka kama filamu ya mauaji, wengine kama filamu ya kuupinga udikteta, na wote wana haki. Lakini ukiirudia kwa utulivu, na ukaisoma pamoja na historia ya kesi yenyewe, utaona kwamba moyo wake uko kwenye jalada: maelezo ya mashahidi, saa, majina, sahihi, na hakimu kijana aliyekataa kuandika neno ambalo ushahidi haujamfikisha. Hoja yangu ni kwamba jalada hilo ndilo lililoifanya kesi ya Lambrakis iwe tukio la kihistoria, na ndilo linaloitofautisha Z na filamu nyingi zilizoiiga.

Ili kuelewa uzito wa kazi hiyo, lazima mtu ajue Ugiriki ya wakati ule ilikuwaje. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha mwaka 1949 kwa ushindi wa upande wa mfalme na jeshi, lakini washindi hawakuweka silaha chini katika maisha ya kila siku. Raia aliyetaka kazi ya serikali, pasipoti au leseni alihitaji cheti kutoka polisi kinachothibitisha kwamba mawazo yake ya kisiasa ni safi. Chama cha kikomunisti kilikuwa kimepigwa marufuku, na visiwa kadhaa vilikuwa vimetumika kuwafungia wapinzani. Bunge lilikuwepo, magazeti yalikuwepo, uchaguzi ulifanyika. Lakini pembeni ya dola iliyoandikwa kwenye katiba kulikuwa na dola nyingine, ya vikundi vya wazalendo wa kujitangaza, waliolishwa na kulindwa na polisi ili wafanye yale ambayo mtu mwenye sare hawezi kuonekana akiyafanya. Wagiriki wenyewe waliipa jina dola hiyo ya kando, na kila mtu alijua ipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuithibitisha kwa maandishi.

Lambrakis hakuwa mkomunisti. Alizaliwa mwaka 1912 katika kijiji cha Kerasitsa, mkoa wa Arcadia, akawa mwanariadha aliyeshikilia rekodi ya Ugiriki ya kuruka mbali kwa zaidi ya miaka ishirini, akashiriki Olimpiki ya Berlin ya 1936. Alisomea udaktari, akawa bingwa wa magonjwa ya wanawake na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Athens. Mwaka 1961 alichaguliwa mbunge wa Piraeus kwa kushirikiana na chama cha mrengo wa kushoto, EDA. Tarehe 21 Aprili 1963 polisi walizuia matembezi ya amani kutoka Marathon hadi Athens na kuwakamata watu wengi. Yeye alikuwa na kinga ya kibunge, akatembea peke yake na bango lake mikononi. Picha ya mtu mmoja barabarani akiwa ameinua bango lile ilienea kote. Mwezi mmoja baadaye akaenda Thessaloniki kuhutubia, na ukumbi uliokuwa umepangwa ukakataliwa dakika za mwisho, mkutano ukahamia kwenye ukumbi mdogo wa chama cha wafanyakazi. Nje kulikuwa na kundi la watu wakirusha mawe na kupiga kelele, na askari wamesimama wakitazama. Mbunge mwenzake, Giorgos Tsarouchas, alipigwa usiku huohuo hadi akaponea chupuchupu.

Dereva wa pikipiki ile aliitwa Spyros Gotzamanis, na mpigaji aliitwa Emmanouil Emmanouilidis. Njama ingefaulu kama wangeingia gizani na kupotea. Haikuwa hivyo, kwa sababu kijana mmoja aitwaye Manolis Hatziapostolou, ambaye watu walimwita Chui Milia, aliirukia pikipiki ikiwa inakimbia, akapigana na mpigaji, na mwisho wake dereva akakamatwa hadharani, mbele ya macho ya watu. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu kila njama ina mahali pake pa kuvujia, na hapa palikuwa ni mwili wa mtu mmoja aliyerukia gari bila kungoja kuamriwa. Bila yeye pasingekuwa na mshukiwa wa kuhojiwa, na bila mshukiwa pasingekuwa na jalada. Hapo ndipo maelezo ya ajali ya barabarani yalipoanza kupwaya: kama ni ajali, yule mwingine aliyekuwa nyuma ya pikipiki alikuwa na rungu la kazi gani?

Gotzamanis alikuwa mchukuzi maskini, na guta lake ndilo lililomlisha. Mtu wa aina hiyo hakuishi bila ridhaa ya polisi wa mtaa. Wao ndio waliotoa vibali, wao ndio waliofumba macho akikosea, na wao ndio waliomwonyesha njia ya kulipa fadhila, kwenda kuwazomea wapinzani siku akiitwa. Kundi lililomkusanya yeye na wenzake liliongozwa na Xenophon Yosmas, mtu aliyekuwa ameshirikiana na Wajerumani walipoikalia Ugiriki. Filamu inalionyesha hili vizuri kuliko hotuba yoyote: dereva, anayeitwa Yago na kuigizwa na Renato Salvatori, ana deni la chombo chake, na ahadi ya kusaidiwa ndiyo bei yake. Muuaji katika Z hana itikadi kubwa. Ana madeni. Nadhani hapa ndipo Costa-Gavras na mwandishi mwenzake Jorge Semprún walipomshinda mtu yeyote anayedhani njama za kisiasa huendeshwa na watu wenye akili za ajabu. Zinaendeshwa na vibali, fadhila na njaa.

Hakimu mchunguzi aliyekabidhiwa kesi alikuwa Christos Sartzetakis, mwenye umri wa miaka 34, mtoto wa ofisa wa jandamaria, yaani polisi wenye muundo wa kijeshi. Hakuna aliyeweza kumwita mtu wa kushoto. Nyuma yake alisimama mwendesha mashtaka wa mahakama ya rufaa, Pavlos Delaportas, na mbele yao alisimama mwendesha mashtaka wa mahakama ya juu kabisa ya nchi, Konstantinos Kollias, aliyesafiri hadi Thessaloniki kuwashinikiza wasiwaguse maofisa. Waandishi wa habari watatu, Giorgos Bertsos, Giannis Voultepsis na Giorgos Romaios, walizunguka mitaani wakitafuta mashahidi ambao polisi hawakuwatafuta. Fundi mmoja wa kupaka vanishi alieleza kwamba dereva alimwambia mapema siku ileile kuwa usiku atafanya jambo kubwa. Akiwa njiani kwenda kutoa ushahidi alipigwa kichwani, na wakubwa wakasema ameanguka mwenyewe. Hatua kwa hatua Sartzetakis alipanda ngazi: kutoka kwa mchukuzi hadi kwa kundi la Yosmas, kutoka kwa kundi hadi kwa maofisa wa polisi waliokuwa zamu, hadi akawafungulia mashtaka maofisa wa jandamaria, akiwemo Jenerali Konstantinos Mitsou, mkaguzi wa jandamaria ya kaskazini yote.

Sasa tazama jinsi filamu inavyoigeuza kazi hii ya ofisini kuwa msisimko. Hakimu, anayeigizwa na Jean-Louis Trintignant, amevaa miwani yenye rangi, haongei kwa sauti ya juu, hacheki. Mwanzoni anawakemea wanaosema "mauaji". Kwake ni tukio, mpaka ushahidi useme vinginevyo. Anasikiliza. Kisha jambo dogo linamgutusha: maofisa waliohojiwa kwa nyakati tofauti wanamfananisha yule kijana aliyerukia pikipiki na chui milia, kwa maneno yaleyale. Watu walioona kitu kimoja husimulia kwa maneno tofauti. Wanaosimulia kwa maneno yaleyale wamekaa chumba kimoja wakapangiana. Hakuna bastola hapo, hakuna gari linalofukuzana na jingine, kuna karani na taipureta tu, lakini ndiyo sekunde ambayo dola nzima inaanza kutikisika. Baadaye maofisa wanaingia mmoja baada ya mwingine, vifua vimejaa nishani, kila mmoja anaulizwa jina na kazi yake kama mwizi wa kuku, kila mmoja anasomewa shtaka, na kila mmoja akitoka anakwenda kwenye mlango usio wake ili awakwepe waandishi, anaukuta umefungwa. Tukio hilo linarudiwa kwa mpangilio uleule kila mara, na mrudio huo ndio uzito wake. Sheria, ikifanya kazi, haimtambui mwenye nishani.

Filamu hiyo ilitengenezwa wakati mashtaka yale yalikuwa yameshaonekana kama yamezikwa. Tarehe 21 Aprili 1967, miaka minne kamili tangu matembezi ya Marathon, makanali walitwaa madaraka mjini Athens. Vassilis Vassilikos alikuwa ameshachapisha riwaya yake ya Z mwaka uliotangulia, akiijenga juu ya karatasi za kesi. Jina lake lilitokana na herufi waliyokuwa wakiiandika watu ukutani baada ya mazishi, wakimaanisha kwamba marehemu anaishi. Costa-Gavras, mzaliwa wa Arcadia kama Lambrakis, aliyehamia Paris baada ya siasa za baba yake kumfungia milango nyumbani, aliisoma riwaya hiyo na kutafuta fedha. Wafadhili wakubwa walikataa. Aliyefungua mlango ni Algeria. Mwigizaji Jacques Perrin, anayeonekana kwenye filamu kama mwandishi wa habari, aligeuka mtayarishaji, akashirikiana na shirika la filamu la taifa la Algeria, na mitaa ya Algiers ikasimama mahali pa Thessaloniki. Mikis Theodorakis, mtunzi wa muziki, alikuwa mikononi mwa makanali na hakuweza kutunga upya. Alitoa ruhusa muziki wake uliokuwepo utumike. Mwaka 1970 filamu ilishinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni kwa jina la Algeria, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa nchi ya Afrika kuipata tuzo hiyo. Françoise Bonnot alishinda nyingine kwa uhariri. Waafrika tuna haki ya kuikumbuka Z kama sehemu ya historia yetu ya sinema, ingawa Algeria yenyewe wakati ule ilikuwa chini ya Kanali Boumediène, aliyeingia kwa mapinduzi mwaka 1965. Jambo hilo halipunguzi thamani ya kilichofanyika. Linatukumbusha tu kwamba serikali huweza kusaidia ukweli unaomhusu jirani huku ikiuogopa wa kwake.

Kuna pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu, nalo ni la wazi: jalada lilishindwa. Kesi ilisikilizwa Thessaloniki mwishoni mwa 1966, na ilipofika Desemba maofisa wote waliachiwa huru. Gotzamanis alipewa miaka 11, Emmanouilidis miaka minane na nusu, nao walikuwa mikono tu. Miezi michache baadaye jeshi likapindua nchi, na waziri mkuu wa kwanza wa utawala huo akawa Kollias, yuleyule aliyetaka jalada lifungwe. Tsarouchas, aliyenusurika usiku wa 1963, alikufa mwaka 1968 mikononi mwa polisi. Mtu akitazama orodha hiyo ataniuliza: karatasi zilimsaidia nani? Swali ni la haki, na ninalijibu kwa kutazama kilichotokea katikati, yaani kati ya Mei 1963 na Aprili 1967, ambacho wengi hukiruka. Zaidi ya watu nusu milioni walifuata jeneza la Lambrakis mjini Athens. Juni hiyohiyo Waziri Mkuu Konstantinos Karamanlis akajiuzulu kwa ugomvi na ikulu, akiwa ameshadhoofishwa na kashfa hii. Novemba chama cha Georgios Papandreou kikaishinda kambi iliyotawala tangu miaka ya hamsini, na mwaka uliofuata kikashinda tena kwa kishindo. Mashtaka dhidi ya maofisa yalisomwa na nchi nzima kabla ya kura hizo. Mahakama iliwaachia maofisa, lakini wapigakura walikuwa wameshasoma.

Ajabu ni kwamba filamu yenyewe inalificha hili. Mwishoni inasimulia kwa haraka kwamba mashahidi walikufa, hakimu akaondolewa, na kabla uchaguzi haujafika jeshi likatwaa nchi, kisha inasoma orodha ndefu ya vitu vilivyopigwa marufuku, kuanzia nywele ndefu hadi Sophocles na Tolstoy. Mtazamaji anatoka akidhani mapinduzi yalikuja moja kwa moja juu ya uchunguzi. Historia haikwenda hivyo. Kulikuwa na miaka minne, chaguzi mbili, na serikali iliyopatikana kwa kura. Hili nalihesabu kuwa kosa kubwa zaidi la Z, kubwa kuliko tabia yake ya kumfanya marehemu, anayeigizwa na Yves Montand, asiwe na doa, na kuliko kosa lake jingine la kumchora muuaji Vago, mpiga rungu wa filamu, kwa namna inayoufanya ushoga wake uonekane alama ya uovu. Kwa kubana miaka hiyo, Costa-Gavras alipata mwisho wenye uchungu, lakini alimnyang'anya hakimu wake ushindi pekee alioupata.

Wapo wanaosema filamu za aina hii zina madhara, kwamba zinawafundisha watu kuona njama nyuma ya kila kifo. Kwa filamu nyingi zilizofuata wako sahihi. Sinema ya Marekani ya miaka ya sabini ilijaa hadithi ambamo adui hana uso, ushahidi hauaminiki, na mchunguzi anaishia kuuawa au kurukwa na akili. Mtazamaji anabaki na hofu isiyo na anwani. Z inakwenda kinyume. Hakimu wake anaanza bila kuamini njama, na kila hatua anayopiga kuelekea kwenye njama inalipiwa kwa ushahidi unaoweza kukaguliwa na mtu mwingine. Mwishoni ana majina, vyeo na vifungu vya sheria. Uvumi husema "wao". Jalada husema nani, lini, wapi. Tofauti hiyo ndiyo inayomlinda raia, kwa sababu dola inayofanya njama haiuogopi uvumi hata kidogo. Mara nyingi huueneza yenyewe, ili ukweli ukija uonekane ni uvumi mmoja zaidi. Wala sikubaliani na wanaosema sifa zote ni za mtu mmoja jasiri. Ujasiri wa Sartzetakis ulikuwa mkubwa, lakini ulihitaji kijana wa kurukia pikipiki, fundi wa kusimama na maelezo yake baada ya kupigwa, Delaportas wa kutoyumba, na magazeti ya kuchapisha. Kazi yake ilikuwa kuvikusanya vyote mahali pamoja, vikawa kitu ambacho ofisi moja haiwezi kukipoteza.

Makanali walimfukuza Sartzetakis kwenye mahakama mwaka 1968, wakamkamata Desemba 1970, wakamshikilia kwa karibu mwaka mzima. Utawala wao ulianguka Julai 1974, naye akarudishwa kazini. Machi 1985 bunge la Ugiriki lilimchagua kuwa Rais wa Jamhuri, katika kura iliyobishaniwa vikali na upinzani. Kiti alichokikalia kilikuwa kimeachwa wazi mapema mwezi huohuo na Konstantinos Karamanlis, yuleyule aliyekuwa waziri mkuu usiku ule Lambrakis alipopigwa rungu mtaani.